MAONI: Kijana, soma namba za gunia kabla ya kumwaga mbolea kwenye nyasi za watu

Kuna picha moja kwenye simu yangu ambayo sijapata moyo wa kuifuta. Ni nyasi za mama mmoja wa Lang'ata, zimekauka mistari mistari kama ngozi ya punda milia. Penye kahawia ndipo mkono wangu ulipita na mbolea. Penye kijani ni pale mkono haukufika.

Ilikuwa Januari, jua la saa sita mchana. Nilikuwa na miaka 23, diploma iko mkobani, kazi hakuna, na hasla yangu ilikuwa kukata nyasi za watu kwa mashine ya kukodi. Yule mama akaniuliza kama naweza kuzipa nyasi zake rangi kidogo, maana zilikuwa zimeanza kuwa manjano. Nikasema naweza. Nani hukataa kazi Januari?

Nikaenda agroveti ya karibu, nikamwambia muuzaji anipe mbolea ya nyasi. Hakuniuliza nyasi gani wala uwanja ni mkubwa kiasi gani, na mimi sikumwuliza ananiuzia nini. Akanipimia kilo tano za urea. Nikazimwaga zote kwa mkono kwenye uwanja usiozidi mita mraba 100. Maji? Ilikuwa siku ya mgao, mfereji umekauka. Nikajiambia yatarudi jioni.

Siku ya tatu simu ikalia. Nilichoma nyasi, na nikajichoma picha vilevile. Malipo yangu ya mwezi mzima yaliishia kununua nyasi mpya za kupanda. Majirani watatu ambao mama huyo alikuwa ameahidi kunipeleka kwao, hadi leo sijawahi kuwaona.

Nasimulia aibu hii kwa sababu kila wiki naona vijana wenzangu wakifanya kosa lilelile kuanzia Ruaka hadi Syokimau. Kijana ana slasha, ana nguvu, ana nidhamu ya kuamka mapema. Lakini ikifika mambo ya mbolea anabahatisha. Mbolea gani? Ile ilikuwepo dukani. Kiasi gani? Kiganja hiki na kiganja kile. Lini? Siku ambayo mteja amepiga simu.

Msimamo wangu ni huu: mbolea ni kama dawa, haifanyi kazi bila kipimo. Na kijana ambaye hajui kusoma namba tatu zilizoandikwa kwenye gunia hafai kukubali kazi ya kuweka mbolea kwenye nyasi za mtu. Wakati huohuo, hakuna ujuzi rahisi kama huu. Ni hesabu ya darasa la sita.

Mwalimu wangu wa kwanza katika mambo haya hakuwa profesa. Alikuwa mbwa.

Ukienda kwa nyumba yoyote yenye mbwa na nyasi, utaona viraka vya mviringo. Katikati nyasi zimekufa kabisa, lakini pembeni, kuzunguka kile kidonda, zimenawiri kijani kibichi kuliko kwingine kote. Nilikuwa nikidhani ni ugonjwa. Kumbe ni mkojo. Mkojo wa mbwa una nitrojeni nyingi, na sehemu kubwa yake iko katika umbo la urea, kemikali ileile niliyonunua agroveti. Pale ulipomwagika kwa wingi umeunguza. Pale ulipofika kidogo kidogo umelisha. Kitu ni kimoja, tofauti ni kiasi tu. Nilipoelewa kiraka cha mbwa, nilielewa punda milia wangu wa Lang'ata.

Sasa tuje kwa gunia. Kila gunia la mbolea ya madini huwa na namba tatu. Ya kwanza ni asilimia ya nitrojeni, ambayo hukuza majani na kuleta ule ukijani. Ya pili ni fosforasi, ambayo husaidia mizizi. Ya tatu ni potasiamu, ambayo husaidia mmea kuvumilia ukame, magonjwa na kukanyagwakanyagwa.

Urea ni 46-0-0. Yaani karibu nusu ya kila kilo ni nitrojeni, na hakuna kingine cha kulisha mmea humo. DAP ni 18-46-0, fosforasi ndiyo imejaa. CAN huwa na nitrojeni asilimia 26 au 27, pamoja na kalsiamu. Halafu kuna 17-17-17, ambayo imegawa vyote sawa.

Ukizijua hizo nne tayari umewapita wengi wanaoitwa mafundi. Kwa mfano, utajua kwamba kumwaga DAP kwenye nyasi ambazo zimekuwepo kwa miaka mitano ni kupoteza pesa za mteja. DAP ni mbolea ya kupandia. Unaichanganya na udongo kidogo unapopanda nyasi mpya ili mizizi ishike. Nyasi zilizokomaa hazina haja ya fosforasi yote hiyo. Lakini kwa sababu DAP ndiyo mbolea ambayo kila mtu aliiona kwao ushagoo ikienda kwenye mahindi, tunaibeba hivyohivyo hadi kwenye ua wa mtu Karen.

Kwa nyasi zilizokomaa, mimi hutumia CAN, au 17-17-17 pale ambapo watoto hucheza sana. Urea siigusi tena isipokuwa nina maji ya kutosha na mizani mkononi. Ikiachwa juu ya udongo bila maji, sehemu ya nitrojeni yake hugeuka gesi ya amonia na kupotea hewani. Kwa hivyo ile nilimwaga Januari ilifanya mambo mawili kwa mpigo: iliyobaki iliunguza nyasi, na nyingine ikapaa na pesa zangu.

Hesabu yenyewe ndiyo hii. Kanuni inayotumika sana kwa nyasi za nyumbani ni kutozidisha gramu 5 za nitrojeni kwa kila mita mraba kwa wakati mmoja. Mimi huanza na nusu yake, gramu 2.5, kwa sababu mbolea iliyopungua unaweza kuiongeza baada ya wiki kadhaa, lakini iliyozidi huwezi kuiokota.

Chukua uwanja wa mita 10 kwa 10, yaani mita mraba 100. Ni saizi ya kawaida kwa ploti ya futi 50 kwa 100 ukishatoa nyumba, maegesho na kamba za nguo. Unahitaji gramu 250 za nitrojeni. Ukiwa na CAN ya asilimia 26, kilo moja inakupa gramu 260. Basi kilo moja inatosha. Ukitumia 17-17-17, ni kilo moja na nusu. Ukitumia urea, ni kama gramu 550, zaidi kidogo ya nusu kilo.

Mimi niliweka kilo tano. Fanya hesabu mwenyewe: ni gramu 2,300 za nitrojeni, karibu mara tisa ya kipimo. Daktari akikupa dawa mara tisa ya kipimo, familia yako itaenda kortini. Mimi nilikatwa malipo tu. Nilikuwa na bahati.

Na sasa tazama upande wa biashara. Gunia moja la kilo 50 la CAN, kwa kipimo hicho, linatosha nyumba 50 za uwanja kama huo kwa mara moja. Vijana watano wakichanga wanunue gunia moja, wapime kilo moja moja kwenye mifuko ya karatasi, wana mtaji wa msimu mzima. Tofauti na hapo, yule anayenunua kidogo kidogo kwa bei ya rejareja na kumwaga kilo tano kila mahali anakula hasara mara mbili, halafu anashangaa kwa nini kazi ya nyasi haina pesa.

Kuiweka pia kuna utaratibu. Kata nyasi kwanza, lakini usizinyoe kipara. Ukiondoa zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mkato mmoja, unazidhoofisha. Hakikisha majani ni makavu ili chembe zisigande juu yake. Gawa mbolea yako mafungu mawili. Fungu la kwanza litawanye ukitembea kutoka langoni kuelekea nyumba, la pili ukikata njia upande kwa upande, kutoka ua hadi ua. Hivyo hutaacha mistari ya punda milia. Kisha mwagilia papo hapo, maji yashushe chembe zote kwenye udongo. Kama hakuna maji siku hiyo, funga mfuko wako uende nyumbani. Mwambie mteja ukweli, atakuheshimu.

Wakati mzuri kwa Nairobi ni masika yakishaloanisha ardhi, na tena vuli ikianza. Lakini usiweke siku ambayo mbingu zimefunga na mvua kubwa iko njiani, maana itaibeba mbolea yote hadi mtaroni. Januari na Februari kwenye kiangazi, acha. Nyasi zikiwa na kiu hazihitaji chakula, zinahitaji maji.

Hapo ndipo naomba tuwe wakweli zaidi. Mara nyingi nyasi za manjano hazina njaa hata kidogo. Nyingine zina kiu. Nyingine zimekatwa chini sana kila wiki na slasha yenye hasira. Nyingine ziko chini ya mwembe ambapo jua halifiki, na nyasi za kikuyu hazipendi kivuli. Hapo afadhali umshauri mteja apande zile za majani mapana tunazoziita pemba. Nyingine ardhi imeshikana kama lami kwa sababu gari hupakiwa juu yake, na dawa yake ni kuchoma mashimo kwa jembe uma ili hewa na maji vipite. Kwenye udongo mweusi wa Syokimau na Kitengela, mvua ikinyesha maji hutuama na kiangazi ardhi hupasuka. Hapo unaweza kumwaga mbolea ya mwaka mzima na usione tofauti.

Na kama udongo una asidi nyingi, jambo ambalo si ajabu kwenye udongo mwekundu, mmea hushindwa kutumia vizuri hata chakula ambacho kipo. Urea na DAP zikitumika mwaka baada ya mwaka huongeza asidi hiyo. Kipimo cha udongo ndicho kitakwambia kama unahitaji chokaa badala ya mbolea. Maabara ya KALRO pale Kabete hupima udongo. Kijana anayemwambia mteja, “Mathe, kabla sijakuuzia chochote wacha tupime udongo,” hatasahaulika.

Vipi kuhusu samadi? Naipenda, lakini nayo haina huruma ukiikosea. Samadi mbichi huunguza, hunuka, na huja na mbegu za magugu ambayo utayang'oa hadi Krismasi. Tumia iliyooza vizuri, ichekeche, na uitandaze nyembamba. Ya kuku ni kali zaidi ya ile ya ng'ombe. Halafu kuna mbolea ya bure ambayo tunaitupa kila siku: zile nyasi zilizokatwa. Ukikata mara kwa mara, vipande vikiwa vifupi, viache palepale. Vikioza vinaweza kurudisha karibu robo ya nitrojeni ambayo nyasi zinahitaji. Sisi tunazijaza kwenye magunia, tunalipa wa takataka azibebe, kisha tunaenda agroveti kununua nitrojeni nyingine.

Najua kuna msomaji ambaye tangu aya ya kwanza anauliza: Huyu naye? Watu hawana unga, mfereji hauna maji, na yeye anatuletea habari za nyasi za matajiri? Nyasi zinaliwa?

Ni swali la haki na silikwepi. Kwanza, nyasi hizi ni zetu. Kikuyu zinazosifiwa kwenye viwanja vya Australia, Afrika Kusini na California asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na jina zilibeba kutoka hapa. Ng'ombe wa ushagoo huzila na kutoa maziwa. Si kitu cha kigeni.

Pili, hizo nyasi za matajiri ndizo zinalipa kodi za nyumba Kawangware na Mukuru. Kwenye kila lango la mtaa wa kifahari asubuhi kuna vijana na mashine zao. Wanaitwa shamba boi hata wakiwa na miaka 40. Jina hilo linaudhi, lakini halitaondoka kwa kulalamika. Litaondoka siku ambayo yule kijana anatoa daftari, anapima uwanja kwa hatua, anaandika aina ya mbolea, kiasi na tarehe, na kumwonyesha mteja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Fundi wa umeme hatupwi langoni kwa sababu anajua kitu ambacho mwenye nyumba hajui. Nasi tujue kitu.

Tatu, na hili ndilo linaniumiza zaidi, kinachozidi hakibaki kwenye ua wa tajiri. Nitrojeni ambayo nyasi zimeshindwa kunywa huchukuliwa na mvua hadi mtaroni, kisha Mto Nairobi, kisha Mto Athi, ambao huko Pwani huitwa Sabaki na kumwaga maji yake baharini karibu na Malindi. Njiani kuna watu wanaoyategemea maji hayo. Uchafu wa mto huo una vyanzo vikubwa kuliko sisi, najua, kuanzia majitaka hadi viwanda. Lakini mbolea ndani ya maji hulisha mwani na magugu. Uliza wavuvi wa Ziwa Victoria kuhusu magugu maji, nayo hustawi palipo na virutubisho vingi. Huwezi kuwalaumu wakubwa kwa kuchafua mto huku kilo zako nne za ziada zikiteremka mtaro uleule.

Na kuna mkulima. Tunakumbuka mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoanza, mbolea ilivyopanda hadi gunia la DAP likapita Sh6,000. Nitrojeni ya viwandani hutengenezwa kwa kutumia gesi, kwa hivyo gesi ikipanda duniani, shamba la Kitale linahisi. Serikali ikaleta mbolea ya ruzuku, na tangu 2023 gunia limekuwa likiuzwa Sh2,500 kwa mkulima aliyesajiliwa. Mwaka 2024 tukaona sakata ya mbolea feki, wakulima wakipanda kitu kisichofanana na mbolea. Katika nchi yenye historia hiyo, kumwaga mara tisa ya kipimo kwenye ua ni dharau. Na ukiletewa gunia la ruzuku kwa njia ya panya ili uweke kwenye nyasi, likatae. Hilo ni la mtu anayelisha nchi. Nunua lako dukani, likague, hakikisha limefungwa, lina namba zake na alama ya ubora, na ulipe.

Wanaouza nao wana sehemu yao. Mwenye agroveti, kijana akija akisema “nipe mbolea ya nyasi”, mwulize maswali mawili tu: uwanja ni mkubwa kiasi gani, na maji yapo? Maswali hayo yangeniokoa mimi, yule mama, na nyasi zake. Nanyi wenye nyumba, mkitaka rangi ya kijani kufikia Jumamosi kwa sababu kuna wageni, mnatusukuma tumwage zaidi. Nyasi zilizolishwa kwa kiasi huchukua wiki moja au mbili kuonyesha. Vumilieni.

Lakini siwezi kuwaachia wengine mzigo ambao ni wangu. Urea haikujimwaga yenyewe. Mkono ulikuwa wangu, na namba 46 ilikuwa imeandikwa kwenye gunia mbele ya macho yangu kwa herufi kubwa. Sikuisoma kwa sababu nilidhani kazi ya nyasi haihitaji kusoma.

Siku hizi mkobani nina vitu vitatu: mizani ndogo ya jikoni, daftari, na futi ya fundi. Mizani hiyo ndiyo imeniletea wateja wengi kuliko mashine ya kukata nyasi, kwa sababu mteja akikuona unapima, anatulia. Mwaka jana nilipita Lang'ata, nikapiga honi kwa yule mama. Nyasi zilikuwa zimeshika vizuri, kijani safi. Kulikuwa na kijana mwingine ndani akizifanyia kazi, na kando yake gunia limefunguliwa.

Nikamwita langoni nikamwuliza, “Buda, hiyo ni namba gani?”

Akaangalia gunia, kisha akaniangalia. Hakujua. Tukapima pamoja.